Tiketi moja mwezi huu: uwanjani, ukumbini au klabuni?

Mdogo wangu alinitumia picha nne za matangazo usiku mmoja, mfululizo, bila hata salamu. Ya kwanza ilikuwa ya msanii mkubwa, uwanja wa mpira, Jumamosi. Ya pili, okestra pamoja na mpiga fidla mgeni, ukumbi wa muziki, Ijumaa. Ya tatu, bendi ya watu wanne kwenye klabu ndogo, Jumatano, seti mbili, yaani vipindi viwili vya kupiga. Ya nne, tamasha la bustanini, Jumapili kuanzia mchana, majina kumi na saba, mengine yameandikwa kwa herufi ndogo hadi unatafuta miwani. Kisha ukaja ujumbe: "Kaka, hela niliyonayo ni ya kiingilio kimoja. Niende wapi?"

Anayeishi katika jiji kubwa anakijua kizungumkuti hiki. Mwezi mmoja una maonyesho mengi kuliko jioni zake, na matangazo yote yanasema lilelile: usikose. Wengi huamua kwa jina. Mimi nilimwambia aweke majina pembeni kwanza, atazame mahali. Mwimbaji yuleyule, na nyimbo zilezile, katika majengo mawili tofauti atakupa jioni mbili zisizofanana hata kidogo. Ukikosea jengo, hakuna kipaji kitakachokuokoa.

Chumba nacho kinapiga

Piga kofi bafuni, kisha kapige jingine chumbani penye godoro na mapazia. La bafuni linabaki na mkia, la chumbani linakatika papo hapo. Kumbi za muziki ziko hivyohivyo, ila mkia wake hupimwa kwa sekunde. Aliyeupima kisayansi kwa mara ya kwanza ni Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwishoni mwa karne ya 19. Aliombwa autibu ukumbi wa mihadhara ambamo maneno yalikuwa yanapandana. Akawa anaazima matakia ya viti kutoka jumba jingine, anayapanga usiku wa manane mji ukiwa umetulia, anapuliza bomba la kinanda cha kanisani, kisha anahesabu sekunde mpaka sauti ipotee. Kesho yake matakia yanarudishwa. Hesabu aliyoipata kwa kazi hiyo ya uchawi ndiyo iliyotumika kusanifu Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900, na mpaka leo ukumbi huo unahesabiwa miongoni mwa kumbi zenye sauti nzuri kuliko zote duniani.

Kwa mnunuzi wa tiketi, somo lake ni jepesi. Okestra inapenda mkia wa sekunde mbili hivi: fidla thelathini zinaungana, filimbi inaelea juu yake, na nota ya mwisho inaondoka taratibu. Ipeleke kwenye ukumbi huohuo bendi yenye drams, besi ya umeme na maiki, na zile sekunde mbili zinageuka uji, kwa sababu pigo la tatu linalikuta la kwanza halijaondoka. Muziki wa kupitia spika unataka mkia mfupi, sekunde moja au pungufu, hasa kwenye sauti nzito za chini. Kwa hiyo ukiona bendi ya kuchezesha watu imetangazwa kwenye jumba la marumaru lenye dari refu, shtuka. Na ukiona okestra imepelekwa kwenye uwanja wa nyasi, elewa kwamba utakachosikia ni spika, na kazi yote imo mikononi mwa fundi wa sauti.

Uwanja wa mpira na klabu ndogo

Nimeziweka pamoja hizi mbili kwa sababu ndizo zinazovutana zaidi kichwani mwa watu, na ndizo zilizo mbali zaidi moja na nyingine.

Uwanja ulianza vibaya kama mahali pa muziki. Tarehe 15 Agosti 1965 The Beatles, bendi ya Uingereza, walipiga Shea Stadium mjini New York mbele ya watu wapatao 55,600. Walipewa amplifaya za Vox za wati 100, zilizotengenezwa maalumu kwa safari ile, na sauti nyingine ikapitia vipaza vya uwanja vilevile vya kutangazia mechi. Mayowe yalizimeza zote. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1966, waliacha kabisa safari za maonyesho, na mojawapo ya malalamiko yao ni kwamba hawakuwa wakijisikia wenyewe wanachopiga.

Tangu hapo mafundi wamehangaika sana. Mwaka 1974 bendi ya Grateful Dead ilitembea na ukuta wa spika karibu 600 uliosimamishwa nyuma ya wanamuziki. Sauti ilikuwa safi ajabu, lakini mzigo uliwashinda, na kabla mwaka haujaisha wakauacha. Suluhisho lililodumu lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale mwanafizikia Mfaransa Christian Heil alipotoa mfumo wa spika zinazoning'inizwa kwa mstari mmoja, zimejipinda kama mkungu wa ndizi. Ndizo unazoziona leo kila upande wa jukwaa kubwa. Spika moja ya kawaida hupoteza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, lakini mstari wa namna ile hupoteza karibu nusu ya hapo katika eneo lake, ndiyo maana mtu wa mbali anasikia bila wa mbele kuziba masikio.

Lakini fizikia ina ukaidi wake. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Ukikaa mita 100 kutoka jukwaani, fimbo ya mpiga drams unaiona imeshashuka na kunyanyuka, ndipo pigo linakufikia, karibu theluthi ya sekunde nyuma. Waandaaji makini husimika minara ya spika katikati ya uwanja na kuichelewesha kwa kompyuta ili sauti yake iende sambamba na ile inayotoka mbele. Pasipo minara hiyo, wa nyuma kabisa wanasikiliza muziki uliochoka.

Niliwahi kununua kiti cha pembeni, cha bei ya kati, tiketi ikiwa na maneno ya upole kwamba mandhari "yamezuiwa kiasi". Kiasi hicho kilikuwa mgongo wa mkungu mzima wa spika. Kwa saa mbili nilitazama nyaya, minyororo, na kijana mmoja wa jukwaani aliyekuwa akila karanga kila taa zikizimwa. Sauti ya juu haikunifikia, ila besi ilinifikia yote, kwa kuwa besi haijali iko upande gani wa spika. Nikarudi nyumbani nimefurahishwa zaidi na yule kijana.

Ukienda uwanjani, basi, mahali pa kulenga ni karibu na kibanda cha fundi wa sauti, mbele yake kidogo, katikati. Pale ndipo yeye anasikilizia, na anatengeneza kile anachokisikia. Sehemu ya mbele kabisa kwenye uzio inasifiwa sana, lakini kimuziki ni mbaya: mkungu wa spika uko juu ya kichwa chako unampigia mtu wa mbali, na wewe unabaki na spika za besi zilizopangwa chini, kifuani.

Jambo jingine kuhusu uwanja ni kwamba mara nyingi shoo imeshaandikwa. Taa, video, fataki na milango ya jukwaa vimefungwa kwenye saa moja na muziki, kwa hiyo msanii hawezi kuamua ghafla kuongeza wimbo au kuurefusha. Orodha ya nyimbo za mji uliopita ndiyo utakayoisikia wewe, pengine pamoja na utani uleule kati ya wimbo wa tano na wa sita. Wako wanaopenda uhakika huo, na sina ugomvi nao. Ukitaka kuusikia wimbo fulani mmoja uliokulea, uwanja hautakunyima.

Klabu ni kinyume chake. Village Vanguard, klabu ya jazi ya New York iliyofunguliwa mwaka 1935, iko chini ya ngazi, ndani ya chumba chenye umbo la pembetatu kinachobeba watu 123 tu. Humo ndimo mpiga piano Bill Evans na wenzake wawili walirekodiwa Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961, na mpiga saksafoni John Coltrane Novemba ya mwaka huohuo. Ukizisikiliza rekodi za Evans za siku ile unasikia glasi zikigongana na watu wakizungumza, na hilo linakuonyesha jinsi msikilizaji alivyokuwa karibu. Mpaka leo klabu hiyo ina okestra yake ya Jumatatu, desturi iliyoanza Februari 1966.

Hiyo ya Jumatatu ina funzo kwa anayechagua. Katika miji mikubwa mingi kuna bendi inayopiga mahali palepale kila wiki, siku ya katikati isiyo na makelele. Haitangazwi kwa mabango, kiingilio chake ni kidogo, na wanamuziki wake wamezoeana kiasi kwamba mmoja akikosea mwingine ameshaziba pengo kabla hujagundua. Mimi ningeanza kutafuta hapo kabla ya kufungua ukurasa wa matamasha makubwa.

Ukaribu wenyewe ni hivi. Usiku mmoja nilikaa hatua mbili kutoka kwa mpiga gitaa la solo. Uzi wake wa kwanza ulikatika katikati ya wimbo. Alimtazama mpiga kinanda, nyusi tu, na kinanda kikaingia kuchukua zamu ambayo haikuwa yake. Mpiga besi akapunguza, akabaki na nota mbili tu anazizungusha. Yule wa gitaa akachomoa uzi mpya mfukoni mwa shati, akaufunga, akauvuta kusikiliza sauti yake huku sikio limelala juu ya gitaa, kisha akarudi kwenye wimbo kutokea kwenye nota ileile aliyoiacha. Watu wa meza ya nyuma hawakujua kilichotokea. Usiku huo ungekuwa uwanjani, fundi angempa gitaa jingine kwa sekunde tano na usingeona kitu.

Muziki wenyewe hubadilika ukipata nafasi. Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, alijulikana kwa kutorudia jukwaani nyimbo alizokwisha kuzirekodi. Aliyekwenda kumwona alikwenda kusikia kinachopikwa, na kilichokwisha kuiva alikiacha kwenye sahani ya santuri. Muziki wa Kikongo nao una sebene, ile sehemu ambayo gitaa zinaachiwa na mwimbaji anageuka mshereheshaji. Kwenye rekodi sebene ni dakika chache, lakini bendi ikiwa na watu wanaocheza mbele yake inaweza kuivuta hadi robo saa, kwa sababu wachezaji ndio wanaoishikilia. Muziki wa namna hiyo unakufa kwenye uwanja wenye saa ya fataki. Utafutie mahali penye sakafu ya kuchezea na dari la chini.

Kama klabu ina seti mbili, nenda ya pili. Katika ya kwanza wanapima chumba, fundi bado anasaka sauti, na nusu ya watu wamekuja kwa sababu ya saa tu. Ya pili ina watu wachache waliobaki kwa hiari, na wanamuziki wanaanza kucheza wao kwa wao.

Kasoro za klabu zipo, tena nyingi. Kuna nguzo. Kuna joto. Kuna wale jamaa watatu wa kaunta waliokuja kuzungumzia kazi zao na hawajui kwamba nyuma yao kuna muziki. Saa iliyotangazwa ni ya mlango kufunguliwa, bendi itapanda ikipenda. Na ubora unayumba: Jumatano hii moto, ijayo mpiga drams ameugua na aliyekuja badala yake hazijui nyimbo. Ukienda klabu unabahatisha, ila kwa hela ndogo.

Zile kumbi za kati

Majumba ya ndani ya michezo, yale ya mpira wa kikapu yanayobeba watu elfu kumi hadi ishirini, nayapitia haraka kwa kuwa hayana tabia yake. Yana paa, kwa hiyo mvua si hoja, na skrini ziko karibu zaidi kuliko uwanjani. Lakini zege na bati vinarefusha mkia wa sauti kuliko bendi inavyotaka. Watu wakijaa hali inapona kidogo, maana mwili wa binadamu unameza sauti kuliko kiti kitupu. Hata Sabine alilipima hilo. Kama onyesho halijauza tiketi nyingi, jumba la namna hiyo linakuwa pipa. Chukua ngazi ya chini inayotazama jukwaa uso kwa uso, na kama zimebaki za pembeni kabisa tu, subiri mwezi ujao.

Okestra: si lazima ujue lolote

Watu wanauogopa ukumbi wa okestra kuliko inavyostahili. Wanadhani kuna mtihani mlangoni. Ukweli ni kwamba hapa ndipo mahali pekee katika orodha ya mdogo wangu ambapo hakuna spika kati yako na mbao za fidla. Watu themanini wanapiga, na nguvu yote inayokufikia imetoka kwenye mikono na mapafu yao. Kwa mtu aliyezoea spika mara ya kwanza inaonekana ndogo. Mpe dakika kumi, masikio yanajifungua yenyewe, na pale matarumbeta yanapoingia anaelewa.

Kumbi hizi ziko za maumbo mawili makubwa. La zamani ni boksi la viatu, refu na jembamba, kama Musikverein ya Vienna ya mwaka 1870 na ile ya Boston: kuta za pembeni ziko karibu, zinarudisha sauti haraka, na unajihisi umezungukwa. Jipya ni la ngazi kama za shamba la mizabibu, watu wakilizunguka jukwaa pande zote, mtindo uliopata umaarufu na Philharmonie ya Berlin mwaka 1963. Elbphilharmonie ya Hamburg, iliyofunguliwa Januari 2017, ina viti 2,100 hivi, na hakuna aliye mbali zaidi ya mita 30 kutoka kwa mwongozaji. Linganisha na mita 100 za uwanjani.

Umbo linaamua kiti. Katika ukumbi wa ngazi, viti vya nyuma ya okestra huwa vya bei nafuu na vina raha ya pekee: unaona uso wa mwongozaji, anavyokunja nyusi na kuwabembeleza watu wa besi. Lakini kama usiku huo kuna mwimbaji, viepuke, kwa sababu sauti ya binadamu inakwenda mbele na wewe utabaki na kisogo chake. Katika ukumbi wa boksi, viti vya roshani ya juu mara nyingi vinasikika vizuri kuliko vile ghali vya chini, hasa vilivyojificha chini ya roshani, ambako sauti inafika imebanwa. Maskini hushinda hapa.

Ukubwa si hoja ya kujivunia katika muziki huu. Royal Albert Hall ya London, iliyofunguliwa mwaka 1871, ilikuwa na mwangwi mbaya hata kukazuka utani kwamba ni mahali pekee ambapo mtunzi Mwingereza ana hakika ya kusikia kazi yake ikipigwa mara mbili. Dawa ilipatikana karibu karne nzima baadaye, mwaka 1969, walipotundika darini visahani vikubwa vinavyofanana na uyoga. Ukumbi huo ndio makao ya Proms, matamasha ya okestra ya kila kiangazi, yaliyoanza mwaka 1895 katika jumba jingine, na mpaka leo watu husimama kwenye sakafu mbele kabisa ya okestra kwa kiingilio kidogo kuliko cha waliokaa. Uliza kama ukumbi ulio karibu nawe una tiketi za namna hiyo, za kusimama au za saa ya mwisho, maana kumbi nyingi za okestra huuza viti vilivyobaki siku ileile.

Onyo moja la vitendo: mpiga fidla mgeni, yule aliyewekwa picha kubwa kwenye tangazo, kwa kawaida hupiga kabla ya mapumziko. Ukichelewa, mlango unafungwa mpaka kipande kiishe, na unaweza kumsikilizia kwenye korido. Kuhusu kupiga makofi, usisumbuke. Subiri wenzako waanze.

Tamasha la mchana kutwa

Hapa nina upendeleo na nitausema. Tamasha ni njia mbaya kuliko zote ya kumsikiliza msanii mmoja, na ni njia nzuri kuliko zote ya kukutana na wale usiowajua. Kila mtu anapewa dakika arobaini au saa moja, vyombo vinabadilishwa mbio, hakuna anayepata muda wa kupima sauti kama inavyotakiwa. Majukwaa yakiwa mawili na upepo ukigeuka, wimbo wa mapenzi wa huku unapigwa drams za kule.

Na ratiba ya tamasha ni ahadi ya mdomo. Woodstock, tamasha la Marekani la Agosti 1969, iliyovuta watu zaidi ya laki nne, ilipangwa imalizike Jumapili. Mpiga gitaa Jimi Hendrix, jina kubwa kuliko yote, alipanda jukwaani Jumatatu asubuhi, wakati umati ulikuwa umeshashika njia. Waliomwona ni wachache kati ya wale waliokwenda kwa ajili yake. Kama kuna jina moja tu unalolitaka kwenye bango la majina kumi na saba, ngoja aje kivyake.

Bali kama huna unayemtaka, fika mapema, saa zile ambazo nyasi bado zinaonekana. Majina ya herufi ndogo hupiga mbele ya watu mia mbili na wanajitolea roho kana kwamba ni elfu ishirini. Ondoka giza linapoingia, kabla ya foleni ya usafiri. Najua inasikika kama ushauri wa mzee.

Mambo mawili ya kuuliza kabla ya kulipa

La kwanza: ni laivu kweli? Neno hili limechakaa kwenye matangazo. Kuna onyesho ambalo bendi yote inapiga, kuna lile la bendi juu ya nyimbo zilizorekodiwa nusu, na kuna lile la msanii mmoja, maiki, na kompyuta inayofanya kazi yote pamoja na sauti yake mwenyewe. Yote ni halali kama umeambiwa. Tazama video fupi za mashabiki kutoka maonyesho yake ya karibuni: kama anaruka, anahema, na sauti haitikisiki hata chembe, jibu umelipata. Tangazo linalotaja idadi ya wanamuziki, au majina yao, kwa kawaida halina cha kuficha.

La pili ni masikio. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka 3 muda salama unakatika nusu. Fanya hesabu: kwenye desibeli 100 umebakiwa na robo saa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kumbi na matamasha, ukitaka wastani usizidi desibeli 100 kwa kipimo cha dakika 15, na mahali pa utulivu pa kupumzishia masikio. Huo ni mwongozo, si kila mwandaaji anaujali. Klabu ndogo isikudanganye kwa udogo wake, kwani sahani za drams hatua mbili kutoka kwako hazina mchezo. Vizibo vya masikio vya mwanamuziki, vile vyenye kichujio, vinapunguza sauti bila kuufanya muziki usikike kama uko chini ya mto, na vinaingia mfukoni pamoja na funguo.

Haya yote nilimwandikia mdogo wangu, marefu kuliko hapa, na nikamalizia kwamba ningekuwa yeye ningechukua ile ya Jumatano, seti ya pili, meza ya upande wa kinanda. Alisoma. Alama mbili za buluu zikakaa pale kwa muda.

"Kaka," akaandika, "mbona hujaniuliza naenda na nani?"

Kumbe shemeji alikuwa hajatoka usiku tangu mtoto azaliwe, na yule msanii wa uwanjani ndiye aliyeimba wimbo waliouchezea harusini kwao. Nikamwambia basi kanunue ya Jumamosi, karibu na kibanda cha fundi, na usisahau vizibo jozi mbili.

Jumatano nilikwenda klabuni peke yangu. Jumapili asubuhi akanipigia, sauti imekauka kabisa, akinong'ona kama mgonjwa. Nikamuuliza mpiga drams alikuwaje. Hakuwa na habari naye. Kulikuwa na drams? Akacheka, akakohoa, akampa simu shemeji, ambaye naye hakuwa na sauti.